Kifaa cha Ulinzi Kinapozima Pampu ya Kisima

Ukiwa na kisima Kiegeani, kisiwani Mafia, na pampu ikazimwa na kifaa chake cha ulinzi, kishawishi cha kwanza ni kukiruka kifaa hicho na kuunganisha nyaya moja kwa moja. Tunashauri usifanye hivyo. Kifaa kimezima pampu ili mota isiungue. Kazi yako ni kutafuta sababu.

Kwanza, soma taa ya kifaa. Ikionyesha umeme mdogo, subiri. Umeme wa majumbani nchini ni volti 230. Ukipungua sana, mota huvuta mkondo mkubwa zaidi na kupata joto. Vifaa vingi huchelewa dakika kadhaa kuiwasha pampu baada ya umeme kutengemaa; huko si kuharibika.

Pili, ikionyesha ukosefu wa maji, zima swichi kuu, kisha pima kina kwa kamba yenye uzito. Maji yakiwa yameshuka, kiache kisima kijae, na baadaye vuta kidogo kidogo. Kisiwani maji baridi hukaa juu ya maji ya chumvi. Yakivutwa kupita kiasi, chumvi hupanda. Maji yakiwa ya kutosha, na pampu iko juu ya ardhi, kagua kama bomba la kunyonya linaingiza hewa.

Tatu, umeme na maji vikiwa sawa na kifaa bado kinakata, mwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA. Mwombe akuonyeshe leseni hiyo, na udai risiti.

Pampu iliyozimwa hukuchelewesha saa chache. Mota iliyoungua huikosesha maji nyumba nzima.