Kifyatuo cha Kamera Kinachoongozwa kwa Redio: Somo la Umeme na la Kuhesabu

Utangulizi

Mkula ni sehemu ya wilaya ya Busega, katika mkoa wa Simiyu ulioanzishwa mwaka 2012 na ambao makao yake makuu yako Bariadi. Upande mmoja wa nchi hiyo kuna Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria, na upande mwingine kuna nyanda za Serengeti. Wenyeji hulima pamba, mpunga na mtama, na hufuga ng'ombe. Katika nchi ya namna hii yapo maswali mengi ambayo mtu aliyesimama ardhini hawezi kuyajibu kwa urahisi: Korongo limekula kiasi gani cha shamba tangu masika yaliyopita? Malisho ya kijiji yanabeba ng'ombe wangapi? Maji ya mafuriko yalifika wapi?

Picha iliyopigwa kutoka angani hujibu maswali hayo, lakini kwa sharti moja. Hapana budi ijulikane picha ilipigwa wapi, kutoka kimo gani, na kwa kufuata kanuni gani. Sharti hilo hulibeba kifaa kidogo kisichozidi kiganja cha mkono, yaani kifyatuo cha kamera. Somo hili laeleza jinsi kifyatuo hicho kinavyofanya kazi, jinsi kinavyoweza kuundwa katika karakana ya shule, na kwa nini hesabu nzima yaweza kuharibika kikitumiwa vibaya.

Historia kwa ufupi

Mwaka 1858 Mfaransa aliyejulikana kwa jina la Nadar alipiga picha akiwa ndani ya puto. Miaka 30 baadaye, mwaka 1888, Mfaransa mwingine, Arthur Batut, aliifunga kamera kwenye tiara. Kwa kuwa yeye mwenyewe alibaki chini, alitumia utambi uliowaka polepole. Moto ulipofika mwisho wa utambi, kilango cha kamera kilifyatuka. Hicho kilikuwa kifyatuo cha wakati: mpigaji aliamua mapema, kisha akangoja. Kifyatuo cha redio kilileta jambo jipya, nalo ni kwamba mtu aliye ardhini aweza kuamua saa hiyo hiyo.

Hapa Tanzania, thamani ya picha za angani ilidhihirika Serengeti. Mwaka 1958 Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walihesabu wanyama kwa macho wakiwa ndani ya ndege ndogo. Baadaye watafiti waliifunga kamera ikitazama chini wima, rubani akaruka katika mistari sambamba, na picha zikapigwa kwa nafasi zilizo sawa. Nyumbu walihesabiwa baadaye, kwa utulivu, juu ya picha. Kwa hesabu za namna hiyo ilijulikana kwamba nyumbu waliokadiriwa kuwa kiasi cha robo milioni mwanzoni mwa miaka ya 1960 walikuwa wamepita milioni moja kufikia mwaka 1977, baada ya ugonjwa wa sotoka kutoweka miongoni mwao kufuatia chanjo ya ng'ombe. Na kuanzia mwaka 2016, Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walitumia ndege ndogo zisizo na rubani kupiga picha za ramani ya Unguja na Pemba.

Lugha ya redio

Kipokezi cha redio kilichomo katika ndege ya kuchezea hutoa mapigo ya umeme, kwa kawaida kila baada ya milisekunde 20, yaani mapigo 50 kwa sekunde. Habari imo katika urefu wa pigo. Swichi ya chombo cha kuongozea ikiwa upande mmoja, pigo huchukua kiasi cha milisekunde 1; ikiwa upande wa pili, huchukua kiasi cha milisekunde 2. Katikati ni milisekunde 1.5.

Kamera, kwa upande wake, haielewi mapigo hayo. Kamera nyingi zenye tundu la waya wa kufyatulia zina ncha tatu: ya pamoja, ya kulenga na ya kufyatua. Ncha ya kufyatua ikiunganishwa na ile ya pamoja, picha hupigwa. Kwa hiyo kazi ya kifyatuo ni ya tafsiri tu: pigo likiwa refu kuliko milisekunde 1.5, ncha ziunganishwe. Likiwa fupi, ziachwe.

Jinsi saketi inavyopima pigo

Mtu asiye na saa aweza kupima mwendo wa mkimbiaji kwa kumshindanisha na mkimbiaji mwingine ambaye mwendo wake unajulikana. Ndivyo saketi hii inavyofanya. Pigo linapoanza, saketi huanzisha pigo lake yenyewe la milisekunde 1.5. Pigo hilo la kipimo linapokwisha, saketi hutazama: je, pigo la redio bado lipo?

Vifaa vinavyotakiwa ni hivi:

1. Saketi unganifu CD4538, yenye vipima wakati viwili ndani yake.
2. Saketi unganifu CD4013, ambayo hukumbuka hali moja: "ndiyo" au "siyo".
3. Transista moja ya NPN, kama BC547.
4. Optokapla moja, kama 4N25.
5. Rezista za kilo-omu 15, mega-omu 1, kilo-omu 10 na omu 330.
6. Kapasita mbili za mikrofaradi 0.1 za kupimia wakati, na nyingine ya thamani hiyo hiyo kwa kila saketi unganifu, ya kutuliza umeme.

Wakati wa CD4538 ni zao la ukinzani na kapasita, T = R × C. Kwa kilo-omu 15 na mikrofaradi 0.1:

T = 15,000 × 0.0000001 = sekunde 0.0015, yaani milisekunde 1.5.

Pigo la redio huingizwa katika mlango wa CD4538 unaoitikia umeme unapopanda, na pia katika mlango wa D wa CD4013. Mlango wa kutokea uliogeuzwa wa CD4538 hupanda pale kipimo kinapokwisha; huo huunganishwa na mlango wa saa wa CD4013. Wakati huo huo CD4013 hunakili hali ya D. Pigo la milisekunde 1 limekwisha pita, hivyo hukumbuka "siyo". Pigo la milisekunde 2 bado lipo, hivyo hukumbuka "ndiyo", na hudumu hivyo mpaka pigo lijalo.

Hapa mwanafunzi makini atauliza: je, mawasiliano yakikatika saketi ikiwa katika "ndiyo"? Baadhi ya vipokezi huacha kutoa mapigo. Hapo hapatakuwa na kitu cha kuifuta "ndiyo" hiyo, na kamera itabaki imeshikiliwa. Kwa sababu hiyo hutumika kipima wakati cha pili cha CD4538, chenye mega-omu 1 na mikrofaradi 0.1, yaani milisekunde 100. Kila pigo la redio hukianzisha upya. Mapigo yakikosekana kwa milisekunde 100, mlango wake uliogeuzwa hupanda na kuifuta CD4013 kwa njia ya mlango wa kufutia. Kifaa kikipoteza amri hurudi katika hali ya kutofanya kitu.

CD4013 haina nguvu ya kutosha kuwasha optokapla, kwa hiyo huendesha transista kwa kupitia kilo-omu 10. Transista nayo huwasha taa ndogo iliyomo katika optokapla kwa kupitia omu 330. Kwa umeme wa volti 5, mkondo ni karibu (5 − 1.2 − 0.2) ÷ 330, yaani miliampea 11.

Optokapla ni taa na jicho vilivyofungwa katika gamba moja. Taa ikiwaka, jicho hupitisha umeme. Kati yao hakuna waya, kuna mwanga tu. Kwa hiyo misukosuko ya umeme wa mota haifiki katika kamera, nayo betri ya kamera haikutani na betri ya ndege. Jicho la optokapla hupitisha umeme upande mmoja, kwa hiyo ncha za kamera zipimwe kwanza kwa voltimita ili kujua iliyo chanya. Hiyo ndiyo inayofungwa kwenye kolekta. Lenzi ifungwe katika kulenga mbali kabisa kabla ya kuruka.

Milango ya kuingilia isiyotumika isiachwe hewani. Iunganishwe na chanya au hasi, kama kazi yake inavyodai. Aidha, kipokezi kikitoa mapigo ya volti 3.3, saketi nayo ipewe volti 3.3, la sivyo mapigo hayatatambuliwa kwa uhakika. Jaribio la kwanza lifanywe kwa taa ndogo mahali pa kamera.

Nafasi kati ya picha

Ichukuliwe kamera yenye picha ya milimita 36 kwa 24 na lenzi ya milimita 24, ikiwa katika kimo cha mita 100. Kwa pembetatu zinazofanana:

Urefu ardhini = 24 × 100 ÷ 24 = mita 100.
Upana ardhini = 36 × 100 ÷ 24 = mita 150.

Ili kuunganisha picha kuwa ramani, picha mbili zinazofuatana zapaswa kupandana, tuseme kwa asilimia 60. Basi ndege iendelee mita 40 kati ya picha na picha. Ikienda mita 10 kwa sekunde juu ya ardhi, kifyatuo kifanye kazi kila sekunde 4. Lakini upepo wa mita 4 kwa sekunde ukivuma kutoka nyuma, mwendo juu ya ardhi huwa mita 14, na sekunde 4 ni mita 56. Kupandana hushuka hadi asilimia 44. Saa peke yake haitoshi. Mwendo juu ya ardhi sharti upimwe.

Kidole chenye shauku

Kosa kubwa kuliko yote halimo katika saketi. Limo katika kidole. Ichukuliwe malisho ya hekta 600. Picha 20 zisizopandana hupigwa kwa nafasi sawa, kila moja ikifunika hekta 1.5. Ndani yake wanaonekana ng'ombe 45. Eneo lililopigwa ni hekta 30; wastani ni ng'ombe 1.5 kwa hekta. Makadirio ni ng'ombe 900.

Sasa mwongozaji mwingine abonyeze swichi kila aonapo kundi. Picha zake zitakuwa nzuri zaidi, nazo huenda zikaonyesha ng'ombe 180. Kwa hesabu ile ile atapata ng'ombe 3,600, mara nne ya makadirio ya kwanza. Hakudanganya, alichagua tu. Kijiji kikiamua kupunguza mifugo kwa kufuata hesabu hiyo, wafugaji watalipia uchaguzi wa kidole. Ndiyo maana watafiti wa Serengeti waliiamuru kamera ifyatue kwa nafasi sawa, palipo na nyumbu na pasipo na nyumbu. Picha tupu nayo ni habari.

Jaribio la shuleni

Urushaji wa ndege zisizo na rubani nchini wataka kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, na katika hifadhi za taifa hairuhusiwi bila idhini. Lakini somo lote laweza kufanyika ardhini. Kamera ifungwe juu ya baiskeli ikitazama pembeni, vijiti visimikwe uwanjani kila mita 10, na mwanafunzi mmoja afyatue kwa redio akiwa mbali. Picha zitaonyesha kama nafasi ni sawa, na kama kamera inachelewa kufyatua.

Maswali

1. Ndege inakwenda mita 10 kwa sekunde, na kamera huchelewa sekunde 0.2. Picha itapigwa mita ngapi mbele ya pale swichi ilipobonyezwa?
2. Rezista ya kilo-omu 15 ikibadilishwa kuwa ya kilo-omu 22, kifaa kitaacha kufanya kazi. Kwa nini?
3. Kimo kikiongezwa hadi mita 150 na kupandana kubaki asilimia 60, nafasi kati ya picha itakuwa mita ngapi?

Majibu: (1) Mita 2. (2) Kipimo huwa milisekunde 2.2, kirefu kuliko pigo refu la redio. Jibu huwa "siyo" daima. (3) Mita 60.