Kipunji, mto na tarehe ya mwisho

Swali: Mwanafunzi wa baiolojia, mwaka wa pili, yuko likizo nyumbani Igawa. Anauliza nafasi za utafiti zinapatikana wapi, na kwa nini kila tangazo humfikia muda umeshapita.

Jibu: Aanzie kwenye daraja la Mto Mbarali, hapo hapo Igawa. Mto huo unashuka hadi bonde la Usangu, ambalo ardhioevu yake ya Ihefu iliingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mwaka 2008. Maji, mpunga, ndege, samaki: hapo mada ya utafiti haikosekani.

Halafu kuna Mlima Rungwe. Mwaka 2003 watafiti walifuatilia simulizi za wawindaji kuhusu kima aitwaye kipunji. Sayansi ilimtangaza 2005, kwa kutegemea picha. Baadaye mmoja alinaswa mtegoni shambani mwa mahindi. Mzoga wake ndio uliosababisha apewe jenasi mpya, Rungwecebus, mwaka 2006. Wenyeji, bila shaka, walishangaa kusikia kwamba "amegunduliwa".

Kwa mafunzo ya vitendo, TARI Uyole inashughulika na mazao, na kituo cha NIMR Mbeya na magonjwa. Anayetaka kwenda Julai asingoje Mei kuomba barua ya utambulisho chuoni. Februari ni salama zaidi. Mhadhiri wa kumdhamini naye apewe wiki tatu, si siku tatu.

Maombi ya nje yana mtego wake. Mwisho ukiwekwa saa 5:59 usiku kwa saa za Greenwich, Igawa ni saa 8:59 usiku, na anayetegemea bando la simu atume mchana wa kabla ya usiku huo.