SOMO: VIMELEA VYA NJE VYA SAMAKI WA TANGINI

Baadhi yenu mnafuga samaki wa mapambo katika matangi ya kioo. Samaki aliyefungiwa humo hawezi kuukimbia ugonjwa wala kusema anachoumwa. Ni amana kwa aliyemweka. Katika somo hili tutajifunza kuvitambua vimelea vinavyomshambulia ngozini, na kwa nini wengi huacha tiba kabla haijakamilika.

Dalili za jumla
Samaki hujisugua kwenye mawe, hukunja mapezi, huhema haraka na hukataa chakula. Maji machafu nayo huleta dalili hizi, kwa hiyo tuanze kwa kukagua maji.

Aina za vimelea
1. Madoa meupe. Huonekana kama punje za chumvi mwilini na kwenye mapezi. Kimelea chake huitwa Ichthyophthirius multifiliis. Tusichanganye na vipele vyeupe vinavyomtoka dume la samaki wa dhahabu kwenye vifuniko vya mashavu wakati wa kuzaliana. Hivyo si ugonjwa.
2. Vumbi la dhahabu. Ni laini kuliko madoa meupe. Mulika tochi kwa ubavuni gizani, utaliona likimetameta.
3. Minyoo bapa ya ngozi na mashavu. Haionekani kwa macho. Samaki hutoa ute mwingi na kuhema kwa shida. Hutibiwa kwa prazikwanteli, dawa ile ile inayotibu kichocho, lakini kwa kipimo cha samaki. Vidonge vya binadamu visikisiwe tu.
4. Chawa wa samaki na mdudu nanga. Chawa ni bapa na hutembea mwilini. Nanga huning'inia kama uzi. Mtu mzima huwatoa kwa kibano, kisha tangi hutiwa dawa kwa sababu watoto wao hubaki majini.

Kwa nini madoa meupe hurudi?
Kimelea hiki hujificha chini ya ngozi ya samaki, na humo dawa haikifikii. Kikishiba hudondoka chini ya tangi, hujifunika, kisha hujigawa na kuwa mamia ya vimelea vichanga. Hivyo huogelea kutafuta samaki, na visipompata katika siku 2 hivi hufa. Dawa huviua wakati huo wa kuogelea tu. Basi madoa yakitoweka, maana yake si kupona, huenda vimelea vimeshuka kuzaliana. Anayeacha dawa siku hiyo huweza kuwapoteza samaki wote.

Tiba ya madoa meupe
(a) Tibu tangi zima, si samaki mmoja.
(b) Badilisha sehemu ya maji na fyonza uchafu wa chini.
(c) Pandisha joto polepole hadi digrii 28 au 30, ikiwa aina ya samaki wako inastahimili. Joto huharakisha maisha ya kimelea, dawa ikakiwahi. Ongeza pampu ya hewa, kwani maji ya moto hushika oksijeni kidogo.
(d) Tia chumvi gramu 2 kwa kila lita, kidogo kidogo. Samaki wasio na magamba, kama jamii ya kambare, na mimea huweza kudhurika. Dawa ya malakaiti ya kijani nayo hutumika, ila ni sumu. Watoto wasiishike, na samaki aliyetibiwa nayo asiliwe.
(e) Endelea kwa siku 10 hadi 14, hata kama madoa yametoweka.

Kinga
Samaki mgeni akae katika chombo cha peke yake wiki 2 hadi 4. Wavu wa chombo hicho usitumike kwenye tangi kubwa.

Maswali
1. Kwa nini dawa haikiui kimelea kilichomo ngozini?
2. Madoa yametoweka siku ya 4. Utafanya nini, na kwa nini?
3. Kwa nini pampu ya hewa huhitajika joto likipandishwa?