Patasi Mpya Bado Haijawa Tayari



Vijana wenzangu, nipo likizo nyumbani Singida. Kijana mmoja wa parokiani, aliyemaliza mafunzo ya useremala, ameniambia anataka kuuza patasi zake. Ni mpya, seti ya nne, alizinunua kwa hela ya alizeti. Anasema hazikati, ubao wa mninga zinauchanachana tu, na ameanza kuamini kwamba hana mkono wa ufundi. Somo hili ni lake na la wengine kama yeye.

Patasi nyingi hazitoki kiwandani zikiwa tayari. Kiwanda huipa umbo, huipaka vanishi isishike kutu, basi. Kunoa kwa mwisho ni juu yako.

Tuanzie dukani. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, akieleza kwa nini mwili wa mwanadamu uko ulivyo, anatoa mfano wa msumeno: fundi huutengeneza kwa chuma, si kwa kioo, ingawa kioo kinapendeza zaidi, kwa sababu msumeno ni wa kukata. Nunua patasi kwa jicho hilo. Kung'aa hakukati. Angalia mpini hauna ufa wala hauchezi, na bapa limenyooka ukilitazama kwa urefu wake. Ukiruhusiwa, gusa kona karibu na makali kwa tupa ndogo: ikiteleza, chuma ni kigumu, ikiuma kirahisi, rudisha.

Nyumbani, ondoa vanishi. Halafu anza na upande bapa, ule usio na mteremko. Hapa ndipo wengi hukosea, wanakimbilia kunoa mteremko peke yake. Nikiongea kifalsafa kidogo (mnivumilie), makali si kitu cha tatu kilichoongezwa kwenye patasi. Ni mahali tu pande mbili zinapokutana. Upande mmoja ukiwa na mikwaruzo au bonde, makali yatakuwa na meno hata uunoe ule mwingine siku nzima.

Huna kinoo kizuri? Chukua kioo kinene kilichonyooka, lowesha msasa wa maji, ulaze juu yake. Paka upande bapa wino wa maka peni, usugue ukiwa umelala kabisa. Wino ukibaki mahali, pana bonde. Anza na namba 240, kisha 400, umalizie na 1000. Usijichoshe na bapa zima. Sentimita mbili au tatu za mwisho, karibu na makali, zinatosha. Patasi mbovu inaweza kula saa nzima. Vumilia, maana kazi hii kubwa unaifanya mara moja tu.

Sasa mteremko. Kwa mbao ngumu kama mninga au mkongo, nyuzi 30 zinafaa. Huhitaji kipimo: mteremko ukiwa na urefu mara mbili ya unene wa bapa, hapo ni nyuzi 30. Sugua mpaka uhisi kwa kidole uzi mwembamba wa chuma nyuma ya makali, kutoka kona hadi kona. Geuza, laza bapa, uondoe uzi huo taratibu. Malizia kwenye kipande cha mkanda wa ngozi, ukivuta kurudi nyuma tu.

Mtaniuliza, kwa nini nisipeleke kwa mwenye mashine? Peleka kama ncha imevunjika, lakini simama hapo. Chuma kikigeuka buluu kimefika karibu nyuzi joto 300, ugumu umeondoka, na sehemu hiyo itabidi isagwe yote. Ichovye kwenye maji kila mara. Tena someni 1 Samweli 13:19-21: Waisraeli hawakuwa na mhunzi, wakalazimika kushuka kwa Wafilisti, adui zao, kunolewa majembe na mashoka, tena kwa malipo. Asiyeweza kunoa mwenyewe hukaa chini ya bei ya mwingine.

Jaribu patasi kwenye kichwa cha ubao laini, paina kwa mfano, pale nyuzi za mti zinapoishia. Ikikata na kuacha uso laini, imeiva. Ikiponda, rudi kwenye msasa wa 1000.

Jambo la mwisho, hasa kwetu Singida ambako mafuta ya alizeti yapo kila jiko: msiyapake kwenye patasi wala kwenye kinoo. Yakikaa huganda na kunata kama gundi. Tumieni mafuta ya cherehani, tone moja kwenye kitambaa, kisha fungeni ncha kwa kipande cha ngozi au boksi kabla ya kuitupia mfukoni pamoja na nyundo.