Khabari za Gazi: Mji Unywao Maji kwa Mikoko

Atokaye Mombasa akavuka Likoni na kuifuata barabara ya Lunga Lunga, mwendo wa kilometa hamsini hivi, huona njia ya mkono wa kushoto ielekeayo baharini. Njia hiyo ndiyo iendayo Gazi, mji mdogo wa Kwale katika Kenya. Wenyeji wake wengi ni Wadigo, na kazi yao kubwa ni uvuvi. Zamani alikaa hapa Sheikh Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui, aliyeondokea kupigana na Waingereza mwaka 1895, na mwaka wa pili akavuka mpaka kuingia nchi iliyokuwa ya Wajerumani. Lakini leo hatuielezi Gazi kwa sababu ya vita vyake, bali kwa miti yake na maji yake.

Ghuba ya Gazi imezungukwa na miti ya maji ya chumvi. Mgeni huiita yote mikoko, lakini mwenyeji huibagua: kuna mkoko wenyewe, wenye mizizi iliyopindana nje ya tope, kuna mkandaa, muia na mchu, na kuna mlilana, ambao husimama mbele kabisa, mahali bahari ipigapo. Humo hulelewa kamba na samaki wadogo kabla hawajaenda maji makuu, basi aukataye msitu huu akata na nyavu zake mwenyewe.

Na ulikatwa kweli. Katika miaka ya 1970 kuni nyingi zilitolewa hapa kwa tanuri za chokaa na matofali, hata sehemu za pwani zikabaki tope tupu. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa bahari pamoja na wanakijiji walianza kupanda tena. Walimu watapenda kujua jinsi ifanywavyo. Tunda la mkoko huchipua lingali juu ya mti, likawa kama kijiti kirefu; likikomaa huchumwa na kuchomekwa katika tope. Lakini kila mti una mahali pake. Ukiupanda mkandaa palipo pa mlilana, mawimbi yataung'oa, na kazi yako imepotea.

Sasa yatupasa kueleza maji. Miti huvuta hewa ya ukaa, ile itokayo katika moshi na kuzidisha joto la dunia. Mikoko yapita miti mingi kwa jambo hili, kwa kuwa majani na mizizi yake ifapo huzama katika tope lisilo na hewa, isioze upesi. Hivyo ukaa hukaa chini miaka mingi sana. Watu na makampuni ya ng'ambo wapendao kulipia moshi wao hutoa fedha ili msitu kama huu usikatwe. Mwaka 1913 nani angalisadiki! Lakini mwaka 2013 watu wa Gazi na jirani zao wa Makongeni walianza kazi hiyo, nayo yaitwa Mikoko Pamoja. Msitu ni mali ya serikali. Wanakijiji huutunza kwa mapatano. Eneo lao ni hekta 117, na hesabu ya ukaa ni tani 3,000 hivi kila mwaka. Mwaka 2017 walipewa tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Fedha zake si nyingi, wala hazigawanywi mtu kwa mtu. Halmashauri iliyochaguliwa na wanakijiji huzisimamia, na watu hukutana kusema zitumikeje. Zimeleta maji ya bomba, na vitabu vya shule. Mama aliyekuwa akienda mbali na ndoo kichwani hahitaji kuelezwa ukaa ni nini. Kina mama wa Gazi wana kazi yao pia: daraja la mbao lipitalo kati ya mikoko, ambapo wageni hulipa kutembea, na wakitaka hupikiwa chakula.

Yasidhaniwe kuwa mambo haya hayana gharama. Nyumba ya udongo yataka boriti, na jiko lataka kuni. Ukimkataza mtu mkoko, sharti umwonyeshe mti mwingine. Ndiyo maana mivinje imepandwa nchi kavu, ikatwe badala yake. Watu wa Vanga, karibu na mpaka wa Tanzania, wameuiga mpango huo katika msitu wao, ulio mkubwa kuliko wa Gazi.