Waifai inashika karibu na ruta tu

SWALI: Fundi, nina ThinkPad T430 niliyonunua imeshatumika. Nikikaa sebuleni jirani na ruta, waifai inakwenda vizuri. Nikiingia chumbani inabaki kijiti kimoja, na simu yangu papo hapo inashika vyote. Ninunue kadi mpya?

JIBU: Usitoe pesa bado. Simu ikishika palepale, ruta haina kosa. Mimi ningeshuku antena kwanza. Zimo ndani ya kifuniko, kandokando ya skrini, na nyaya zake nyembamba hupita kwenye bawaba hadi kwenye kadi iliyo chini ya kibodi. Mashine ya mwaka 2012 imefunguliwa na kufungwa mara nyingi mno. Tena mafundi wengine wakibadilisha skrini husahau kurudisha nyaya. Kadi isiyo na antena bado hunasa mtandao wa karibu, ndiyo maana watu hudanganyika.

Tikisa kifuniko taratibu ukitazama vijiti. Vikipanda na kushuka, waya umechoka pale bawabani. Visipobadilika, zima mashine, toa betri, fungua. Vichwa vya nyaya ni vidogo kama punje ya mchele. Kilichochomoka kikandamize wima mpaka usikie kimeshika. Usikilazimishe kwa bisibisi.

Kama vimebana na hali ni ileile, basi ni kadi. Lakini BIOS ya T430 hukataa kadi zisizo kwenye orodha ya Lenovo, hivyo adapta ya USB itakupunguzia usumbufu.