Kabla ya Kumlaumu Muuza Samaki, Pima Maji

Samaki wa mapambo akifa siku ya tatu, lawama zote humwendea aliyekuuzia. Wakati mwingine anazistahili. Lakini mara nyingi samaki huyo alifika nyumbani mzima, akatiwa kwenye maji maangavu yenye sumu isiyoonekana. Amonia haina rangi. Mambo yafuatayo yatapunguza misiba hiyo, na mengi hayagharimu chochote zaidi ya subira.

1. Tangi jipya liache likomae

Samaki hutoa amonia, sehemu kubwa kupitia matamvua yake, na chakula kinachobaki chini kikioza huiongeza. Wanaoisafisha ni bakteria wanaoishi kwenye sponji ya chujio na kwenye changarawe. Kundi moja hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili hugeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo samaki huivumilia ikiwa kidogo. Kwa kawaida bakteria hao huchukua wiki 4 hadi 6 kuzaliana vya kutosha, na hakuna kuwaharakisha kwa kelele. Ukijaza maji Jumamosi na kutia samaki kumi Jumapili, umewaingiza kwenye choo kisicho na shimo.

Njia ya mkato ipo, na ni halali: mwombe jirani anayefuga samaki kipande cha sponji yake chafu, ukiweke ndani ya chujio lako. Uchafu ule wa kahawia una thamani kuliko chupa nyingi za dukani. Hakikisha tu samaki wake hawaumwi.

2. Maji ya bomba yapumzike kwanza

Klorini inayoua vijidudu kwenye bomba huunguza matamvua na kuua bakteria wako pia. Weka maji kwenye ndoo iliyo wazi kwa siku nzima, na ukiweza yapulizie hewa. Ikiwa mamlaka ya maji ya kwenu hutumia kloramini, ndoo peke yake haitoshi, maana hiyo haipotei upesi hewani. Nunua dawa ya kuondoa klorini, na usome kwenye chupa kama inashughulikia kloramini pia. Ndoo yenyewe iwe ya samaki tu, isiyojua sabuni.

Sponji ya chujio usiioshe bombani hata siku moja. Ikamue ndani ya maji uliyoyatoa kwenye tangi.

3. Uliza samaki wako asili yake wapi

Watu huchagua samaki kwa rangi, kisha wanachanganya wa Amazon na wa Tanganyika. Neon tetra wa Amazon wamezoea maji laini, yenye uchachu kidogo, pH chini ya 7. Samaki wa Ziwa Tanganyika wanaishi kwenye maji magumu ambayo pH yake hukaribia 9. Mbuna wa Ziwa Nyasa wako katikati, kama 8. Hakuna maji yatakayowafurahisha wote, hata ukiwa fundi wa namna gani.

Hapa kuna jambo la kuchekesha. Wafugaji wa Ulaya hununua chumvi na madini ya pakiti ili maji ya bomba yao yafanane na yale ambayo mtu wa Kigoma huyachota kwa ndoo. Basi nasi tuanze na maji tuliyonayo. Maji ya Nairobi yanayotoka kwenye mabwawa ya milima ya Aberdare ni laini, kwa hiyo tetra watayapenda bila kubembelezwa. Visima vingi vya pwani vimepita kwenye miamba ya matumbawe ya kale. Maji yake ni magumu na yanawafaa mbuna na guppy, mradi hayajawa ya chumvi mno. Maji ya mvua karibu hayana madini kabisa, na pH yake huweza kuporomoka ghafla. Yachanganye na ya bomba au kisima.

Ukitaka kuyafanya maji laini kuwa magumu, weka mfuko mdogo wa makombe ya pwani yaliyooshwa vizuri ndani ya chujio. Huyeyuka polepole, na upole huo ndio tunaoutaka. Matumbawe hai yaacheni baharini.

4. Achana na chupa za kupandisha na kushusha pH

Kila hatua moja ya pH ni badiliko la mara kumi, kwa hiyo kutoka 7 hadi 8 si safari fupi. Samaki wengi wa madukani wataishi vizuri kwenye 7.6 isiyoyumba kuliko kwenye 7.0 unayoifukuzia kwa matone kila asubuhi.

Kuna hatari nyingine ambayo wauzaji wa chupa hizo hawaisemi. Kwenye pH 7 na joto la nyuzi 25, chini ya asilimia 1 ya amonia iko katika hali ya sumu kali. Kwenye pH 8 ni kama asilimia 5. Kwenye pH 9 inazidi theluthi moja. Mwenye tangi lenye amonia iliyojificha akipandisha pH kwa haraka, huwaua samaki wake mchana kweupe huku akidhani anawatibu. Kwa mfugaji wa samaki wa Tanganyika, amonia iwe sifuri, basi.

5. Badilisha robo ya maji kila wiki

Si yote! Na ikiwa umelisahau tangi kwa miezi kadhaa, anza na kiasi kidogo kuliko robo, kila baada ya siku mbili, kwa kuwa samaki wamekwishazoea ubaya wake. Maji mapya yawe na joto linalokaribiana na la tangi.

6. Umeme ukikatika

Chota maji kwa kikombe na uyamimine kutoka juu, mara kwa mara, ili yapate hewa. Usilishe. Pampu ya hewa ya betri ni akiba nzuri, hasa msimu wa joto, kwani maji ya moto hushika oksijeni kidogo. Chujio la kufungwa lililozimika kwa saa nyingi, lifungue ulioshe kwa maji ya tangi kabla ya kuliwasha. Bakteria wa ndani huenda wamekufa kwa kukosa hewa.

7. Dawa ya mbu

Dawa nyingi za kupuliza zina pairethroidi, sumu kali kwa samaki. Zima pampu ya hewa, funika tangi kabisa, au pulizia chumba kingine.

8. Pima kwa utaratibu

Vipimo vya matone ni vya kuaminika kuliko vijiti. Amonia na nitriti ziwe 0, nitreti isizidi miligramu 40 kwa lita. Nitriti ikionekana, badilisha maji, kisha yeyusha chumvi ya kawaida, gramu 1 kwa kila lita: kloridi yake huizuia nitriti isipenye kwenye matamvua.

Ukiwakuta asubuhi wanatweta juu ya maji, usikimbilie dawa za rangi za dukani. Pima kwanza, badilisha robo ya maji, ongeza hewa, na usiwalishe kwa siku mbili.